Mgeni wa Stoo

Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kinyozi, Mama Glavu alifika siku hiyo uso umemshuka. Kazi yake ni kutunza vitu vya kale kwenye stoo ya makumbusho ng'ambo ya barabara, na glavu hazimtoki mkononi, ndiyo maana wakampa jina hilo. Akasogezewa kahawa. Haijapoa, akalitoa lililomkaba.

— Stoo kuna mwanasesere wa mti, katoka nchi ya mbali. Bosi anataka kesho awekwe kwenye kabati la kioo, mlangoni kabisa. Nikawauliza wenzangu.

— Wenzako wepi? akadakia Redio, dereva mstaafu asiyezimika.

— Tuna mtandao wetu, watunzaji wa nchi mbalimbali. Tunashauriana namna ya kutunza vitu vya watu kwa heshima. Mmoja kaniambia huyu huenda alichongwa kwa ajili ya mtoto aliyefariki. Tusimwoneshe kabla ya kuwauliza wenyewe.

— Mtandao! Hao majasusi, dada'angu. Leo mwanasesere, kesho watataka ramani ya choo.

Kinyozi akachungulia, mashine mkononi, nyuma yake mteja kichwa kimenyolewa nusu.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo kakaa miaka. Mweke kiooni afanye kazi!

— Jembe kwa mtoto? Una akili wewe? Mama Glavu akamkemea.

— Tena ndani ana kinasa sauti, Redio akaapa. Mlangoni pale atawanasa wote wanaoingia bila tiketi.

— Basi aajiriwe! Kinyozi akadakia.

Mama Glavu akacheka nao, ila moyo haukucheka. Aliyemkatalia bosi mara ya mwisho, leo anafuga kuku.

Mke wa yule mteja, mtoto mgongoni, alikuwa kasimama pembeni akimsubiri mumewe.

— Samahanini jamani. Huyo mtoto aliyefariki, aliitwa nani?

Kinyozi akazima mashine.

Mama Glavu akainuka, akapiga simu palepale.

— Shikamoo bosi. Kesho mwanasesere hatoki stoo… Hapana, hajavunjika. Kwao bado hatujabisha hodi.

Bosi akawaka, benchi zima likasikia. Mama Glavu akamwacha amalize.

— Sawa, njoo umtoe mwenyewe. Ila uniambie kwanza anaitwa nani.

Sauti ya bosi ikarudi, imepungua ukali:

— Hao wenzako wa mtandao… wanaweza kututafutia hao wenye mwanasesere?