Vyumba vya Mashine ya Hulda

Kijiwe chetu hapa Garsen ni kiti cha nyuma cha lori bovu, kimeegemezwa ukuta wa duka la Hulda, yule binti anayechapa barua na kutengeneza kompyuta karibu na steji. Mimi Shukri ndiye mwenye birika, kwa hiyo ndiye mwenye amri, ingawa hawa wanaume wakishapata kikombe husahau. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Laban, mkulima wa Kulesa, Wako, mfugaji tunayemwita Satelaiti kwa kuwa hakuna ng'ombe anayepotea nchi hii asijue yuko wapi, na Zubeir wa Kipini, karani mstaafu, hapa kijiweni jina lake Waziri. Laban kahawa haikumshuka. Mpunga wake ulikuwa umebakiza siku tatu ukauke vizuri, na mto unajaa. Kikundi chao cha wakulima kina kipimo cha maji kule Nanighi, juu mtoni, na mashine ya Hulda ndiyo hutuma ujumbe kwenye simu zao kusema mafuriko yatafika lini. Tangu stima ipotee juzi, kimya. Akivuna leo, nusu ni mbichi. Akingoja na maji yakamkuta, hana kitu mwaka huu. Nilimhurumia sana.

LABAN: Hulda mwanangu, hiyo programu ya mto iko hai au imekufa?

HULDA (kutoka dirishani): Tulia mzee, naicheki. Hii mashine imegawanywa vyumba vyumba. Kila programu na chake, ya ndani haioni ya jirani. Wenyewe wanaita namespace. Naandika lsns, inanipa orodha ya vyumba.

ZUBEIR: Lsns! Neno gani hilo, kama mtu anafukuza paka?

HULDA: Imeleta vyumba vinne. Vyote vyangu mimi. Cha mto hakimo.

Laban aliweka kikombe chini, akakitazama tu.

WAKO: Hiyo imehama. Maji ikijaa huku chini, mimi napeleka ng'ombe juu. Programu nayo iko na akili. Imeenda juu.

LABAN: Imeenda juu na miguu gani, Satelaiti?

WAKO: Mimi sijasema miguu. Nimesema imehama.

ZUBEIR: Mwacheni huyo. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini, wallahi, sikilizeni niwaambie. Chumba kisichokuwa kwenye orodha si kwamba hakipo. Ni chumba cha bosi. Karani ukiuliza vyumba, unaonyeshwa chako wewe, na choo.

WAKO: Waziri, kunywa kahawa.

ZUBEIR: Nanywa! Lakini ndivyo ilivyo. Orodha inategemea muulizaji ni nani.

Tulicheka wote. Hulda alianza kucheka, kisha akatoa kichwa dirishani.

HULDA: Waziri, hebu rudia.

ZUBEIR: Nimesema na choo.

HULDA: Hapana, hiyo ya muulizaji. Ai, mimi nimeingia kama mtu wa kawaida! Mtu wa kawaida anaonyeshwa vya kwake tu. Ngoja niingie kama mwenye mashine, niulize tena.

Akagonga vitufe. Laban alisimama, akaenda kushika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

HULDA: Ishirini na kimoja! Na cha mto hiki hapa, mzee. Iko hai!

Basi Zubeir hakukalika naye. Alipandisha mguu juu ya mguu, akaniamuru nimuongezee, eti washauri wa mitambo hawanywi kikombe kimoja.

LABAN: Iko hai, sasa mbona hainiambii kitu?

HULDA: Niko ndani ya chumba chake naangalia. Ndani ina mtandao wake pekee, na njia ya kutokea nje haikurudi stima iliporudi. Tangu juzi inaita, inajisikia yenyewe. Na humo ndani inajiona namba moja.

WAKO: Kama Waziri.

ZUBEIR: Cheka tu. Na wewe unajuaje kama hapa tulipo si chumba? Pengine kuna mashine kubwa, Garsen hii yetu ni chumba kimoja tu, na huko nje iko Garsen nyingine, ina lami mpaka Kau.

WAKO: Hiyo Garsen ya nje, iko na mbung'o?

ZUBEIR: Haina.

WAKO: Basi huyo bosi anifungulie mlango, mimi na ng'ombe yangu.

HULDA: Nimeiunganisha. Haya, shikeni simu.

Simu ya Laban ililia mfukoni. Akasoma kwa sauti: "Maji yatafika Kulesa kesho saa nane mchana. Vuna sasa." Hapo kijiwe kililipuka. Zubeir akadai shukrani. Wako akasema yeye ndiye aliyeanza kutafuta. Walikuwa wangali wanabishana nani kaupata mto, boda ikasimama mbele yetu. Akashuka Hope, mkewe Laban, matope hadi magotini, gunia mkononi.

HOPE: Baba, mimi nimeanza kukata tangu alfajiri. Kile kijiti nilichochomeka ukingoni jana sikioni tena. Sijui tu tumebakiza muda gani.

LABAN: Mpaka kesho saa nane. Mashine imesema.

HOPE: Asante Mungu. Basi tukiwa wengi tutaumaliza.

Alifungua gunia, akapanga miundu mitano juu ya kiti, hapo kando ya vikombe.

HOPE: Nani anakuja?

Waziri akajishika kiuno. Satelaiti akaangalia mbali, akitafuta ng'ombe asiyekuwepo.

WAKO: Shukri, ongeza kidogo kwanza, tufikirie.

Birika lilikuwa nusu, lina moto. Nililiinua, nikalimwaga lote mchangani mbele ya macho yao.

— Kahawa imekwisha, nikasema, nikachukua mundu wa kwanza.

Laban alichukua wake. Hulda akafunga dirisha, akachukua wa tatu. Wako akakohoa, akanyanyuka na wa nne. Ukabaki mmoja.

ZUBEIR: Na huko Kulesa, kahawa ipo?

Hope alimwekea mundu mkononi.