Kipande cha Tano

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kushonea viatu, na nikisema letu ni kwa ukarimu tu, maana mbao ni zangu na misumari ni yangu. Kulia kwangu hukaa Mwalimu Nukta, mstaafu, mtu anayesahihisha hata salamu. Upande wa pili, kwenye baraza ya jirani, yupo Mama Sindano na cherehani yake. Benchini hakai, lakini hakuna neno linalompita. Birika, muuza kahawa, akishafika saa tisa alasiri haondoki mpaka kahawa imwishie. Na mwisho kabisa wa benchi, kwenye kimeza chake kilichojaa nyaya, yupo Mzee Mawimbi, fundi redio, ambaye Jumamosi hii anatuhama. Mwanawe wa kiume, anayeishi mji mwingine, amempangia akapumzike kwake: chumba chenye choo ndani, televisheni, hakuna kazi. Tulipopata habari sote tulisema hongera. Mama Sindano anamshonea koti la kumuaga, Birika ameshaazima ngoma. Mimi naitwa Gundi, na sababu utaijua ukinisogelea.

Alhamisi ile tulikuwa tunagombania kitabu. Ndiyo, kitabu, tena cha watoto. Mjukuu wa Mawimbi, binti wa miaka kumi na mmoja, alimletea babu yake mwanzoni mwa wiki akamwambia, "Ukisome kabla hujaenda, na ukimalize." Mawimbi akaanza kusoma kwa sauti, nasi tukasogeza masikio. Kufikia ukurasa wa tatu kila mtu alikitaka. Watu watano, kitabu kimoja, wiki moja: nikatoa kisu cha soli nikakikata vipande vitano. Mwalimu Nukta aligeuka akatazama ukuta mpaka nilipomaliza. Kila mtu akachukua chake, kisha tukawa tunabadilishana. Vipande vinne vimezunguka. Cha tano kiko kwa Mawimbi, na hakijatoka.

Birika: Mimi nasema wazi, tangu nijue kusoma sijasoma kitu kitamu kama hiki.

Nukta: Umesoma nini kingine?

Birika: Maelezo ya kwenye mkebe wa maziwa.

Nukta: Basi huna cha kulinganisha.

Birika: Maelezo yale ni marefu, mwalimu, usiyadharau.

Kwa asiyekisoma, habari yenyewe ni hii. Kuna mji uliozungushiwa ukuta. Mtu akitimiza miaka sitini, kengele inalia. Anavishwa koti jipya, ngoma inapigwa, watu wanapiga makofi, anapakiwa kwenye gari la maua na kupelekwa upande wa pili wa ukuta, kupumzika. Hakuna aliyewahi kurudi. Na mtoto akiuliza kwa nini, anavalishwa kofia ya bati wiki nzima, kila akitembea inalia. Sasa kuna kitoto kimoja cha kike, kidogo, kirukaji, kinaitwa Kiroboto. Babu yake ni mwashi, tena ndiye aliyeujenga huo ukuta ujanani. Kengele inamlilia babu. Kiroboto anaamua kumfuata.

Mama Sindano: Mimi mwandishi aliponimaliza ni pale kwenye jiwe. Babu wa watu, siku ile anajenga ukuta, kijana mwenye nguvu zake, akaacha jiwe moja bila saruji. Miaka arobaini hajamwambia mtu!

Birika: Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mzee ufa hakuziba na ukuta akaujenga. Vyote kwa mpigo mmoja.

Nukta: Methali hiyo haiendi huko hata kidogo.

Birika: Imekwenda, mwalimu. Si umeisikia?

Mama Sindano: Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiroboto hakuhitaji kuinama, alikuwa mfupi tayari. Alipita kwenye tundu la lile jiwe kama uzi. Nilipofika hapo nilisahau ninachoshona. Mnaliona hili?

Akainua koti la Mawimbi, la kijivu, zuri kweli. Lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Mimi: Wewe mama! Mtu ataagwa Jumamosi amevaa hilo?

Mama Sindano: Nafumua, Gundi, tulia. Saa moja tu. Lawama mpe aliyeandika kitabu.

Akachukua wembe akaanza kufumua mkono wa upande wa kulia, nyuzi zinamwangukia magotini. Mawimbi alikuwa ameinamia redio ya mteja wake wa mwisho. Hakuinua kichwa.

Nukta: Mimi nina dosari mbili za kutaja. Kwanza, mwandishi anarudia sana neno "ghafla". Mtu hawezi kushtuka kila ukurasa, moyo una kiwango chake. Pili...

Nukta kuacha orodha katikati si jambo la kila siku.

Birika: Pili nini?

Nukta: Pili hakuna. Kile kisa cha kofia ya bati. Nilifundisha miaka thelathini na minne. Kulikuwa na mtoto mmoja, dawati la mbele, kila kitu kwa nini, kwa nini. Siku moja nilimwambia akae kimya mpaka muhula uishe. Akakaa kimya. Mtoto mtiifu. Juzi nimesoma ile kofia inavyolia mtoto akienda msalani, nikafunga kipande nikalala bila kula.

Mama Sindano: Pole, mwalimu.

Nukta: Ni kitabu bora. Andikeni hivyo.

Hakuna aliyekuwa na kalamu, lakini tuliitika.

Birika: Sasa tuseme ukweli. Huko upande wa pili wazee wanafanywa nini? Mimi nimeshajua. Wanasukuma gurudumu. Mji ule una taa usiku kucha, na mtambo wa umeme haujatajwa popote. Nani anawasha? Wazee! Wanazunguka na gurudumu, mmoja akichoka kengele inalia, anapelekwa mwingine.

Mama Sindano: Gurudumu gani! Makoti. Kila anayekwenda anapewa koti jipya, na katika mji mzima hakuna fundi cherehani, nimetafuta. Nani anayashona? Waliotangulia. Tena uzi, naogopa kusema, uzi ni mvi zao.

Birika: Toba!

Mama Sindano: Ndiyo maana makoti yote yale ni ya kijivu.

Tukalitazama koti lililokuwa magotini kwake. Alilikunja kidogo.

Nukta: Mnakosea nyote. Ukuta una pande mbili. Nani amesema mji ndio wa ndani? Mimi nasema waliofungiwa ni wao wenye mji. Upande wa pili ni dunia nzima, na wazee wamekaa huko wanacheka.

Birika: Mwalimu, hiyo imekwenda mbali.

Mimi: Ngojeni niwamalize. Wale mbwa wa chuma wanaolinda ukuta.

Birika: Wana nini?

Mimi: Ndio wazee wenyewe. Wamevishwa chuma. Mnakumbuka Kiroboto alipokutana nao gizani? Walimng'ata? Walimnusa wakakaa chini. Mbwa gani analinda na hang'ati? Anayemjua mtoto.

Mama Sindano: Lakini Gundi, chuma kizima kizima...

Mimi: Na ile kutu chini ya macho yao, ulidhani ni ya nini?

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nilimnyamazisha Birika. Niseme kweli, nilijisikia vizuri sana, na nusu nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Birika: Mji umekosa wazee ndiyo maana umeoza. Penye wazee haliharibiki jambo.

Nukta: Hiyo umeipatia.

Birika: Nimeipatia?

Nukta: Mara ya kwanza mwaka huu.

Mimi: Haya, ubishi wa nini wakati jibu liko hapa? Mzee Mawimbi, toa kipande cha tano.

Mawimbi: Bado namalizia.

Mimi: Jana ulisema unamalizia.

Mawimbi: Na leo namalizia.

Mama Sindano: Baba, gazeti zima unalimaliza kabla kahawa haijapoa. Kurasa thelathini za mtoto siku nne?

Mawimbi: Macho yamechoka.

Macho gani? Mtu huyu huunga waya mwembamba kuliko unywele bila miwani. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mjukuu wake alikuwa ameshafika, sare ya shule, mkoba mgongoni, soksi moja juu moja chini.

Mjukuu: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba. Kisha akaona kipande cha pili mapajani mwa Nukta na cha tatu juu ya cherehani.

Mjukuu: Nani amekichana kitabu changu?

Wote wakaninyooshea kidole. Watu wa ajabu hawa, kusoma tulisoma sote.

Mimi: Sikukichana, mama, nilikigawa. Kaa hapa. Nakishona sasa hivi kwa uzi wa kiatu, kitadumu kuliko hiyo miguu yako.

Nikakusanya vipande, nikatia uzi kwenye sindano. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Nikanyoosha mkono kwa Mawimbi. Akavuta droo yake, akaondoa bisibisi, akaondoa kopo la skrubu, na chini kabisa, kimefungwa kwa kitambaa safi, kilikuwepo cha tano. Pembe za kurasa zilikuwa zimelegea, kama za kitu kilichosomwa mara nyingi. Alinipa bila kunitazama.

Birika: Wewe mwenye kitabu, tuamulie. Wazee wanafanywa nini kule? Gurudumu, si ndiyo?

Mjukuu: Hapana. Hawafanywi kitu.

Mimi: Mbwa?

Mjukuu: Mbwa ni mbwa tu. Kule ni kuzuri. Kuna vitanda, kuna maziwa, kuna bustani. Babu yake Kiroboto amenenepa.

Mama Sindano: Ati? Giza lote lile, mawe yale, kumbe mtu ananenepa?

Mjukuu: Anamkuta amekaa kwenye kiti. Amechukua vipande vya sabuni anavipanga kama matofali. Anajenga kiukuta, anakibomoa. Anajenga tena. Basi Kiroboto anamuuliza swali moja, na kitabu kinaishia hapo.

Nukta: Swali gani?

Macho ya binti yalikuwa yameshahamia magotini kwa Mama Sindano.

Mjukuu: Hilo koti la nani?

Mama Sindano: La babu yako, mwanangu. La kumuaga Jumamosi.

Mjukuu: Ni kama la babu yake Kiroboto.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Lakini Birika alitazama chini, na nikajua anaifikiria ile ngoma aliyoiazima. Mimi nilifikiria hongera yangu. Miaka kumi na tisa mtu amekaa mwisho wa benchi langu, na aliponiambia anafunga kazi, neno la kwanza kunitoka lilikuwa hilo. Niliona aibu, na niliona uchungu.

Binti akapita mbele yetu sote, akasimama kwenye kile kimeza cha nyaya.

Mjukuu: Babu, wewe unataka kwenda?

Mwalimu Nukta alifungua kinywa, miaka thelathini na minne ya majibu ndani yake, akakifunga. Mama Sindano aliacha kufumua.

Birika: Penye wazee...

Mawimbi: Mama yako na mjomba wako wameshapanga. Walizungumza kwenye simu.

Mjukuu: Najua. Nimekuuliza wewe.

Mawimbi aliigeuza redio ya mteja, akaitazama mgongoni, akaigeuza tena. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kukaza na hakikuwepo. Nilikuwa na uzi mkononi, kipande cha tano kimebaki tundu moja la mwisho, na sikuweza kufunga fundo.

Mawimbi: Birika, hebu nimiminie.

Birika akainamisha chombo chake juu ya kikombe. Yakatoka matone mawili, kisha hakikutoka kitu.

Birika: Imekwisha, mzee wangu.

Mawimbi: Basi kesho uje na nyingi.

Akamvuta mjukuu akamkalisha kando yake, akampa bisibisi ndogo aishike. Kisha, bado ameinamia redio, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

Mawimbi: Mama Sindano, huo mkono wa koti usiufumue.

Mama Sindano: Lakini hutaweza kulivaa.

Mawimbi: Ndiyo.

Mama Sindano akaweka wembe chini.