Wymond Thirkell wa Gari la Siku ya Mwisho

Marehemu Wymond Thirkell alizaliwa hapa York tarehe 11 Novemba 1391, mtoto wa pili wa Gilbert muuza vitambaa na mkewe Avice, akafundishwa kusoma na kasisi wa parokia kwa miaka miwili, akafukuzwa kwa kuiga mahubiri yake vizuri kuliko yeye mwenyewe, akarudi dukani kwa baba.

Mwaka 1414 alimwoa Idonea, wakajaliwa watoto watatu, aliyebaki ni Emmot, huyo hapo mbele.

Mwaka 1419 chama cha wauza vitambaa, chenye mchezo wa Hukumu kila sikukuu ya Mwili wa Kristo, juu ya gari linalovutwa mjini kituo hadi kituo, kilisikia sauti yake sokoni kikampa nafasi ya Shetani, na tangu hapo akapakwa masizi kila mwaka, akawaburuta wenye dhambi hadi kinywa cha jehanamu, watoto wakajikojolea, mama zao wakafurahi. Idonea alichoka kuitwa mke wa Shetani. Marehemu aliwaomba wazee wa chama wamweke upande wa waliookolewa japo mara moja, kwani aliogopa kwamba Hakimu wa kweli ameshamzoea upande wa kushoto, nao wakamjibu, "Ndugu Wymond, sasa nani atatutishia watu?"

Kwaresima ya mwaka huu, 1448, koo lilivimba, sauti ikakatika, na hapo ndipo chama kilipokumbuka ombi lake, kikampa vazi jeupe la roho njema, nafasi isiyo na maneno.

Tarehe 23 Mei, kwenye kituo cha kwanza tu, alipoanza kupanda ngazi ya mbinguni watu walicheka, na Maud Crake muuza mishumaa akapaza sauti, "We Shetani, shuka, umekosea upande." Marehemu alisimama katikati ya ngazi, hana sauti ya kujitetea. Simon mwoka mikate, Hakimu wetu wa mchezo mwenye kinyago cha dhahabu, akasema maneno ambayo hayakuandikwa mchezoni, "Huyu wangu, mama Maud. Mwache apande."

Akapanda, na vituo vyote vilivyofuata akapanda bila kuangalia nyuma.

Alifariki tarehe 11 Juni nyumbani kwake, amelala. Vazi lile alikataa kulivua na tumemzika nalo, chama kitashona lingine.

Familia inamshukuru kinyozi aliyemtoa damu ili apone, ingawa haikusaidia, majirani kwa supu, wanachama kwa kumbeba, na Simon.

Haya Wymond, umefika, pumzika kwa amani yako.