Pua Iliyotangulia Sindano

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, daktari wetu mkuu wa mifugo anatundika koti lake jeupe. Humu kliniki tunamwita Mama Pua, naye huitika bila kununa. Mgonjwa yeyote akiletwa, awe paka au ndama, kwanza humnusa mdomo. Mumewe anaapa kwamba tangu waoane hajawahi kula kitunguu kwa siri.

Kabla yake, kwetu sisi matapishi ya mnyama yalikuwa uchafu wa kupigwa deki tu. Yeye ndiye aliyetufungua macho: amri hutoka ubongoni, na ubongo hupata habari kutoka tumboni, kutoka sikio la ndani gari likiyumba, hata kutoka damu yenyewe ikiingiwa na sumu. Ipo dawa ya kuitoa amri hiyo, na zipo za kuizima. Na farasi, lo, hawezi kutapika kabisa! Ukimsikiliza unabaki mdomo wazi.

Hatusahau asubuhi ile mlinzi wa bohari la jirani alipoingia mbio, kambeba mbwa wake aliyelegea, mate yanamchuruzika. Mzee wa watu ni mgane. Nyumbani hana mwingine wa kumlaki. Alilia kwamba mbwa amekula sumu ya panya, maana chambo alichotega hakionekani. Sumu hiyo ikiwahiwa hutolewa kwa kumtapisha mnyama, na sindano ilikwisha kuvutwa. Mama Pua akainama, akanusa, akaushika mkono wa msaidizi. Mafuta ya taa! Mzee mwenyewe alinuka mafuta, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Yakipanda tena, huingia mapafuni, na hapo basi. Akamchoma mbwa dawa ya kuzuia kutapika, akamwekea oksijeni, akakaa naye sakafuni mpaka jioni mkia ulipotikisika. Kumbe mzee alipojaza jiko, mafuta yalimwagikia bakuli la maji la mbwa. Chambo kilikutwa nyuma ya kabati, panya wamekiburuta.

Tuliduwaa, na mpaka leo tunaduwaa. Mzee yupo hapa, mstari wa mbele, mbwa kalala juu ya viatu vyake.

Mama, asante sana. Kapumzike, na umwachie baba ale kitunguu kwa amani. Tunakuombea afya tele na siku njema. Nasi Jumatatu, mgonjwa wa kwanza akiingia, kabla hatujagusa sindano, tutainama tunuse.