Upande wa Wangare

Njooni karibu nyote wawili, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki kurudia. Nanyama, niinue kidogo uniwekee mto mgongoni. Peterson, zima hiyo redio, uketi hapa penye miguu yangu nikuone uso. Najua daktari wa Nakuru aliwaita kando akawaambia, lakini mwili huu ni wangu na nilikuwa nimeshajua kabla yake. Leo nina nguvu ya kusema, kesho sijui, basi nisikilizeni mpaka nimalize.

Mali yangu mnaijua, haitatuchukua muda. Nyumba hii ni yako, Peterson, pamoja na shamba lililo upande wa barabara, kwa sababu una watoto na kazi ya malori pale Salgaa imekuishia. Ng'ombe ni wa Nanyama na cherehani pia ni yake, awapeleke ng'ombe hao popote atakapoolewa au awauze, na mtu asimwulize. Baba yenu Micah alipofariki, ndugu zake walitaka kunirudisha kwao Bungoma nikakataa, na tangu hapo hatujaongea vizuri, na najua nikifa watakuja kuudai mwili. Waambieni kwa heshima kwamba nilisema nizikwe hapa hapa Rongai. Msigombane nao. Wapikieni, ketini nao, wapeni kofia na koti la ndugu yao walivyovitaka siku zile nikawanyima. Hayo yamekwisha.

Sasa tuongee juu ya shamba la upande wa chini, lile ambalo Peterson umelipanda mahindi.

Usiinamishe kichwa. Sikukuita nikuaibishe mbele ya dada yako. Nataka ujue lile shamba ni la nani, kwa sababu naona unamjua mwenyewe kwa jina tu, na mimi nimejilaumu kwamba nilidhani watoto hujua mambo bila kuambiwa.

Mimi na Wangare tulikutana kwenye jumba la kupangia barua mjini Nakuru, mimi nikiwa msichana na cheti changu cha taipu, yeye ametoka kwao Subukia na begi la kamba. Palikuwa na mashine iliyoletwa kutoka ng'ambo, ya kupanga barua za huku kwetu kote, kutoka Naivasha mpaka Eldama Ravine. Kazi yangu ilikuwa kuketi mbele yake. Bahasha inakuja mbele ya macho yangu, nasoma mji ulioandikwa, nabonyeza namba za mji huo, na mashine inagonga vistari vyeusi chini ya bahasha. Mbele zaidi palikuwa na mashine ya pili ambayo haikujua kusoma mwandiko wa mtu, ilijua vistari tu, ikiviona inaitupa barua kwenye sanduku la mji wake. Vistari vikififia haioni kitu, na barua ya mama wa Njoro inakwenda kulala Nyahururu.

Wino wa vistari hivyo ulitoka kwenye riboni, utepe wa kitambaa uliolowa wino, kama ule wa taipureta lakini mpana zaidi. Ilizungushwa kwenye gurudumu la kushoto, ikapita mbele ya vyuma vinavyogonga, ikajikunja kwenye gurudumu la kulia. Kila vyuma vilipogonga, kijino kimoja cha chuma, tulikiita kucha, kilisukuma gurudumu kidogo ili riboni isogee na pigo linalofuata lipate mahali penye wino mbichi. Ikifika mwisho inageuka na kurudi ilikotoka. Mwenye kuitunza riboni alikuwa Wangare. Mimi macho kwenye bahasha, yeye kando yangu upande wa kulia, bega kwa bega siku nzima.

Basi siku moja kucha ikavunjika. Riboni ikasimama, vyuma vikagonga pale pale, pale pale, mpaka kitambaa kikatoboka, na barua zikaanza kurudi hazina kitu chini. Supavaisa wetu alikuwa mzee mpole aliyeogopa simu za Nairobi. Aliomba kucha nyingine, akaambiwa itakuja na meli, na haikuja. Tukasikia kwamba mashine ikisimama, sisi wawili ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani. Wangare akavua bangili akaiweka mfukoni, akaingiza mkono kando ya gurudumu, akaniambia, "Chepta, wewe bonyeza. Mimi nitavuta."

Nikamwambia, "Utakatwa vidole, wewe!"

"Ukibonyeza vile unavyobonyeza kila siku sitakatwa. Nakujua."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka, wanangu. Nikibonyeza, anavuta riboni kwa kidole, kidogo tu, na vyuma vinashuka. Hatukupeana ishara. Nikichoka alijua kabla mimi mwenyewe sijajua, akapunguza. Nikija kazini nimegombana na baba yenu, alisema, "Leo unapiga kama unafukuza mbwa, hivi vidole ni vyangu." Tuliongea kutwa nzima bila kutazamana. Nilijifunza Kikuyu kutoka upande ule wa kulia, naye akajifunza Kikalenjin, na tukishindwa na vyote tulirudi kwenye Kiswahili tukacheka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi daima, sabuni haikufua dafu, hata kanisani alivificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Peterson, uchungu wako ulinikamata kwenye kile kiti. Nilijikaza nikaendelea, lakini nilibonyeza mara moja vibaya, naye akatoa mkono, akanitazama, akaizima mashine bila kumwuliza mtu. Micah alikuwa safarini Kisumu na lori la barua. Wangare ndiye aliyenishika mpaka hospitali, na ulipozaliwa nesi alikuwa na mama mwingine wa kukimbilia, akakuweka mikononi mwa Wangare. Alikushika kabla yangu. Blanketi yako ilikuwa na alama za vidole vyake na nilikataa kuifua. Yeye Mungu hakumjalia mtoto. Alikubeba mgongoni wewe, na baadaye Nanyama, akawanyoa nywele, akawachapa mlipostahili. Mlimwita Tata, kama watoto wa kwao wanavyomwita dada ya mama, na hakuna aliyewafundisha.

Nipe maji, Nanyama. Kidogo tu. Asante.

Mashine ilipofungwa tukastaafishwa siku moja. Tukaunganisha malipo yetu tukanunua shamba hili, kipande kimoja kutoka kwenye shamba la zamani la settla mzungu lililokuwa likigawanywa. Sevea, mpima ardhi, alisema kulikata vipande viwili kutachukua muda mrefu, basi likaandikwa kwa jina langu, na tukapanda mkonge katikati uwe mpaka. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi. Wangare akasema, "Jina lako, jina langu, tutagawa baadaye, kwani unahama?" Tukajenga, yeye chini, mimi juu, na kila alasiri alivuka kati ya mikonge na kikombe chake mkononi, maana alisema vikombe vyangu ni vidogo vya wageni.

Kisha zikaja zile kura, na matokeo, na moshi, kabila likafukuza kabila. Asubuhi ile vijana walifika langoni wameshika mapanga na chupa za petroli, wengine nawajua mama zao, wakaniuliza kwa lugha yangu, "Yule mama wa chini yuko wapi?" Nikawaambia ameondoka jana. Alikuwa jikoni kwangu, ameketi sakafuni nyuma ya magunia, na Nanyama amemfunika turubai. Walipopita tukamfikisha barabarani, akapanda juu ya lori la mahindi lililokuwa likienda Nakuru na askari mbele. Hakulia. Aliinama kutoka juu ya magunia akasema, "Chepta, wafungulie kuku." Sijasikia tena sauti yake tangu siku hiyo. Jioni nyumba yake ilikuwa majivu. Wewe, Peterson, ulikuwa Salgaa, barabara imefungwa, na kwa siku ile sikukulaumu hata kidogo.

Lakini mwezi wa nne nililazwa, na niliporudi nikakuta trekta imepita juu ya jivu la jikoni kwake, mikonge imeng'olewa, na mahindi yamechipuka kwa mistari iliyonyooka kutoka kwangu mpaka kwake, kama vile hapakuwahi kukaa mtu. Nilikuuliza, nawe ukanijibu, "Mama, hatarudi. Karatasi ina jina lako. Watoto wangu wanataka kula, na nisipolima mimi atalima mwingine." Niliisikia njaa ndani ya maneno hayo, ndiyo sababu sikukulaani. Nilikuambia uache, ukawaambia watu mama anaumwa, hajui asemalo. Nikakuambia tena, ukawa unapita njia ya nyuma usinione.

Mnajua ninavyoishi tangu hapo? Nanyama anadhani ni ugonjwa, kwamba nasahau, kwa sababu nachemsha chai ya watu wawili halafu inapoa. Sisahau. Nilizoea kuwa na mtu upande huu wa kulia. Hata nilipolala na baba yenu nililala upande wa kushoto. Nikiona jambo la kuchekesha nageuza kichwa kulia nimwambie, na pale pana ukuta. Umeniuliza mara nyingi, Nanyama, vidole vyangu vinafanya nini juu ya blanketi. Vinabonyeza. Njoro, Molo, Gilgil, Subukia. Nabonyeza, halafu nangoja avute.

Agosti nilimtuma Nanyama Subukia, kwa kaka yake Wangare, ambako amepewa chumba nyuma ya zizi na anachuma kahawa ya watu. Nanyama alirudi akaniambia Tata ni mzima, anasalimu, basi. Jana nilipombana ndipo alipotoa lililobaki. Alikuwa ananificha, akiogopa nitagombana na wewe, nife na hasira. Wangare aliuliza ninakula nini na nani ananigeuza usiku. Kisha akauliza, "Upande wangu analima nani?" Nanyama akashindwa kudanganya. Wangare akaendelea kuchambua kahawa yake, halafu akasema, "Angekuwa mtu mwingine ningekuja na askari. Huyo nilimbeba. Mwambie Chepta natamani kumwona, lakini siwezi kuvuka pale. Peterson akiwa na neno, aje mwenyewe."

Sasa unalia. Lia, baba, lakini masikio yawe wazi.

Mahindi yaliyosimama upande wa chini yatavunwa na kuwekwa peke yake, na hayo ni ya Wangare. Chifu nimeshamwita hapa, mkiwa sokoni, nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba nusu ya chini ni yake. Mwende naye kwa lendi bodi, baraza la ardhi, sevea aje akate, mpande mikonge upya pale pale ilipokuwa. Akitaka kurudi, mjengeeni jikoni kwanza. Akitaka kuuza, auze kwa anayemtaka. Akitaka kukukodisha wewe, ni yeye atakayesema, si wewe utakayeomba. Hukuzaliwa mwizi, Peterson. Uliogopa watoto watalala njaa, na hofu ikakupeleka mahali usipopajua. Rudi tu.

Nanyama, sikukemei. Ila siku nyingine mtu akikutuma neno, lifikishe lote.

Ukifika Subukia usianze na ugonjwa wangu, asije akakusamehe kwa kunihurumia mimi. Anza na wewe. Mwambie, "Tata, ni mimi Peterson. Nililima kwako bila kukuuliza." Sema hapa nisikie.

Sikusikia. Tena.

Ndivyo. Sema hivyo hivyo, usiongeze "lakini". Anaweza kukufukuza, ana mdomo yule, nami namjua. Akikufukuza, kaa nje ya lango mpaka amalize. Halafu ndipo umwambie kwamba Chepta anamwita. Kama atakubali kupanda gari, mbebee mzigo. Na kama mtafika na mimi... kama mtakuta nimeshaondoka, mwambie nilimngoja. Hapana. Mwambie sikumngoja kwa uchungu. Nilimngoja kwa furaha, kama mtu anayengoja mgeni wake. Nizikeni karibu na mpaka, lakini mwulizeni kwanza kama atapenda. Naye ndiye atakayetupa udongo kabla yenu nyinyi. Mumpishe.

Pumzi inaniishia... ngojeni.

Mungu awabariki. Nanyama, akupe mtu wa kuketi kando yako, awe mume, awe rafiki, mtu anayejua umechoka bila kuuliza. Peterson, akupe uso wa kumtazama kila jirani, na watoto wako wasione haya kutaja jina lako. Nyumba hii isikose moto. Mlangoni... mlangoni hapa asiulizwe mtu ni wa kabila gani. Nimewapenda. Sikuwa nasema sana. Nimewapenda sana.

Nanyama, nishike mkono. Huu, wa kulia. Kaza.

Peterson... bado umeketi? Usingoje kuniona nikifa, dada yako yupo, anatosha. Jua halijashuka, na matatu za Subukia bado zinajaza abiria pale Nakuru. Vaa koti, kule kuna baridi. Nenda, baba. Nenda... nikusikie ukitoka.