Papa Ezéchiel Bulonza, Mvuvi wa Ndoana na Mwenye Visiki vya Ghuba

Padri wetu, Maman Apolline na wajane wenzake mliokuja kuketi naye, majirani wa Nyalukemba, ndugu mlioshuka kutoka Mudaka na mliopanda kutoka Luvungi, wavuvi wa ndoana na wavuvi wa nyavu, kila mmoja kwa heshima yake: familia imenipa mimi, Carine, mtoto wa pili wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na imeniagiza niyasome yote, bila kuruka ukurasa.

Papa Ezéchiel Bulonza alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Luvungi, katika bonde la Ruzizi, ambako baba yake, mwenyeji wa Mudaka, alikuwa ameteremka kulima pamba, akabatizwa tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, akapewa jina ambalo mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipofutwa kwenye karatasi za nchi, yeye aliendelea kuliitikia, hata karani wa serikali alipomwita kwa jina jingine mara tatu mbele ya watu na yeye akakaa kimya mara zote tatu.

Alianza shule ya msingi Luvungi mwezi Septemba 1962, akaikatiza mwaka 1964 vita vilipoingia bondeni, familia ikakimbilia Mudaka kwa babu yake, aliyekuwa na shamba la mibuni, naye akamaliza shule ya msingi hukohuko mwezi Juni 1970. Kutoka hapo alipelekwa Uvira kwa mjomba wake, mvuvi wa ziwa Tanganyika, ambaye kwa miaka minne alimfundisha kufunga fundo, kupima kina, kuusoma upepo na kuteremsha kamba pima mia na zaidi, kwa maana katika ziwa lile samaki wakubwa huishi chini sana, na mvuvi mwenye kamba fupi hurudi nyumbani na hadithi tu.

Aliingia Bukavu tarehe 9 Januari 1975, akajifunza ufundi wa saa, akaweka meza yake sokoni Kadutu, na kila siku isiyo ya kazi aliteremka ziwani na kamba yake ya Uvira. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo mtu wa Uvira peke yake angeweza kulifanya: kwa miezi miwili mizima aliteremsha ndoana pima mia katika ziwa Kivu, akaipandisha tupu, akaongeza risasi ya kuizamisha, akaiteremsha tena, akaipandisha tupu, huku binti mmoja muuza samaki, mtoto wa mvuvi wa hapahapa Nyalukemba, akimtazama kutoka ufukoni, mpaka siku moja binti huyo akashindwa kujizuia.

“Weye wa Uvira,” alimwambia, “ile kamba yako iko inatafuta samaki ao iko inatafuta gaz?”

Wanawake wote wa ufuko walicheka, naye akauliza, kwa haya, ni gaz gani.

“Kule chini hakuna kintu kinapumua, Papa. Kuko gaz tu. Samaki ya huku iko juu, inakungojea, nawe unaipita kila siku bila kusalimia.”

Binti huyo ndiye Maman Apolline. Marehemu alikata kamba yake siku ileile, akabaki na pima kumi na tano, na tarehe 4 Agosti 1979 wakafunga ndoa takatifu katika parokia hii, nao wakajaliwa watoto wanne, Bruno, mimi Carine, Cédric na Mapendo, na wajukuu tisa.

Simu za mkononi zilipoziua saa za mkono, marehemu aliifunga meza yake ya Kadutu, tarehe 30 Juni 2006, akaubeba ufundi wake wote kwenda nao majini. Tupa ndogo aliyokuwa akisugulia meno ya magurudumu ya saa, sasa aliisugulia ndoana, akaliondoa lile jino la nyuma ambalo humzuia samaki kuchomoka, ili samaki mdogo arudishwe ziwani bila jeraha, na alipoambiwa kwamba hivyo atapoteza na wakubwa, alijibu kwamba mvuvi anayempoteza mkubwa kwa kukosa jino la nyuma alilegeza kamba, na aliyelegeza kamba asiisingizie ndoana.

Alikuwa na sheria kwa kila hali ya maji, na sisi watoto wake tulizijua kabla ya kuzijua sala za jioni. Asubuhi maji yakiwa yametulia na kuonekana mpaka mawe ya chini, alitumia nailoni nyembamba kuliko zote, ndoana ndogo, nyungunyungu mmoja, bila risasi, akaketi nyuma ya jiwe huku jua likimpiga usoni ili kivuli chake kibaki nchi kavu. Upepo ukivuma, alihamia upande ule unaopigwa na mawimbi, ambao wengine huukimbia, kwa sababu upepo husukuma chakula huko na samaki hukifuata. Mvua ikinyesha na vijito vya mji vikamwaga maji mekundu, alibadili kamba ikawa nene, akaweka chambo kikubwa chenye harufu, akamtafuta kambale kwenye mpaka ambapo maji mekundu hukutana na maji safi, maana kambale haoni, hunusa. Na kiangazi, samaki wakishuka kukwepa jua, alishuka nao, lakini hakuzidi pima kumi na tano, na kila alipofika pima ya kumi na tano alimtazama Maman ufukoni, na Maman alicheka.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Cédric alifungua na kufunga fundo moja mara ishirini na mbili, machozi yakimtoka, kwa sababu uzi ulikuwa umezidi kwa urefu wa punje ya mchele, na wako humu watu ambao hawakuwahi kusikia sifa kutoka kinywani mwake, hata walipostahili.

Sasa nafika kwenye mwaka 2013, mahali ambapo wengine wametuomba tupite haraka.

Chini ya mtaa wetu iko ghuba ndogo yenye maji ya kina kifupi, na wote mnaoishi humu mnajua kwamba tilapia jike huingia humo na mayai yake kinywani, akayalea humohumo kinywani mpaka yawe watoto, na siku zote hizo hali kitu. Marehemu alitueleza jambo hili kwa maneno machache, ambayo nayasoma kama alivyoyasema: ndoana humuuliza samaki kama ana njaa, na mama mwenye watoto kinywani hujibu hapana, lakini wavu hauulizi. Mwezi Septemba mwaka huo, shirika la wavuvi wa bandari yetu lilianza kukokota ndani ya ghuba nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua vya mbu, na marehemu, ambaye hakuwahi kuupinga wavu wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wala wavu wowote wa ziwa kubwa, alikwenda kwa wenzake mara tano kuwasihi wamwachie tilapia ghuba hiyo moja, nao mara zote tano wakamwambia kwamba ndoana ni mchezo wa watoto.

Basi alipanda Mudaka, kwenye shamba la babu yake, ambako mibuni mikongwe ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, akang’oa visiki pamoja na mizizi yake, akavileta, akavifunga mawe, na kati ya tarehe 3 Machi na tarehe 28 Juni 2014 akavizamisha arobaini na kimoja katika ghuba, mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Ndani ya visiki hivyo wavu haukokoteki, hupasuka. Lakini samaki hujificha humo, na mvuvi wa ndoana anayejua kazi hupita humo, akiificha ncha ndani ya chambo, akikiacha kizame polepole kati ya mizizi bila risasi, akivuta pale tu kamba inapokwenda kando.

Tarehe 22 Novemba 2014 aliitwa mbele ya shirika, lililoongozwa na Papa Chrispin, rafiki yake wa miaka thelathini, msimamizi wa ndoa ya Bruno. Papa Chrispin alikuwa na hoja, nasi hatutaificha.

“Ezéchiel, nyavu tatu zimepasuka mu wiki moja,” alisema. “Ndoana yako inalisha nyumba moja. Wavu inalisha nyumba makumi mbili. Batoto ya batu banalala njaa sababu ya visiki vyako.”

“Zilipasukia fasi gani, Chrispin?”

“Mu ghuba. Unajua.”

“Na mu ghuba, mwezi huu, samaki iko na nini mu kinywa?”

Papa Chrispin aliwageukia wenzake.

“Sema, Chrispin. Weye mwana wa muvuvi.”

“Iko na batoto.”

“Njo hao ulitaka kulisha batoto yako mwaka kesho. Sasa unabakula leo.”

Waliamua kwa kura za siri, thelathini na moja dhidi ya mbili, kwamba ang’oe visiki au afukuzwe, naye hakung’oa, akafukuzwa. Kura moja kati ya zile mbili ilikuwa yake. Mwenye kura ya pili hatumjui hadi leo, na kama umo humu, familia inakuambia aksanti. Tangu siku hiyo alinyimwa mahali pa kuegesha mtumbwi, akauza mtumbwi, akavua akiwa amesimama juu ya mwamba, salamu zikakatika, na tarehe 15 Julai 2017, Cédric alipooa, safu nne za viti vilivyowekwa kwa ajili ya wavuvi zilibaki wazi mpaka chakula kikapoa. Marehemu alisimama, akavitazama, akasema, “Toeni hivi viti. Fasi ya kucheza imeongezeka,” naye akawa wa kwanza kucheza, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akicheza. Na kila mwaka, mwezi wa tatu, aliongeza kisiki kimoja.

Tangu mwaka 2020 nyavu za nje ya ghuba zimekuwa zikipata tilapia ambao hazikuwapata kwa miaka mingi. Hatudai kwamba ni kwa sababu ya visiki peke yake, maana marehemu hakupenda mtu adai asichoweza kukipima, lakini wale walioanza kutega nyavu zao kwenye mlango wa ghuba, pima tano kutoka kisiki cha kwanza, wanajua kwa nini walichagua hapo.

Mwezi Februari 2023 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wakakuta figo zimechoka, akatibiwa hospitalini mara nne, akarudishwa nyumbani mara nne, na alipokuwa hawezi tena kusimama juu ya mwamba alifunga ndoana akiwa kitandani, akampa Mapendo azijaribu, naye Mapendo akamrudishia zile zenye kasoro. Tarehe 19 Septemba mwaka huu wa 2024, Papa Chrispin na wazee wawili walikuja kumwona, wakiwa na karatasi. Ilisema aweke sahihi yake kwamba visiki vitolewe, naye arudishwe katika shirika, na siku ya maziko jeneza lake lipitishwe kwa mtumbwi mbele ya ghuba, kama ilivyo desturi ya bandari yetu kwa kila mvuvi anayekufa akiwa mwanachama.

Marehemu aliisoma karatasi yote, akaikunja.

“Aksanti ya kuja, Chrispin. Kunywa chai. Ile karatasi, urudi nayo.”

Alifariki nyumbani, Nyalukemba, siku ya Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, Maman Apolline akimshika mkono wa kuume na Mapendo wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Alhamisi, mwili ukiwa bado haujaoshwa, shirika lilituma wajumbe tena, safari hii kwetu. Hawakutaka sahihi. Waliomba sentensi moja tu, isomwe hapa leo, isemayo kwamba marehemu alijuta kwa ajili ya visiki, na kwa sentensi hiyo mitumbwi yote ingemsindikiza. Familia ilikaa, ikasemezana, wengine wakalia, kwa maana ni jambo zito kumnyima mvuvi safari yake ya mwisho juu ya maji. Kisha Maman Apolline alisema: “Ile sentensi iko ya uongo. Batamupandisha kwa mabega.” Ndiyo sababu mmeliona jeneza likipanda kilima kwa mabega ya wanawe na majirani, likipumzishwa mara sita njiani, na sentensi hiyo haimo katika karatasi hii, wala haitakuwamo katika yoyote itakayoandikwa na sisi.

Familia inawatangazia pia, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa: Jumamosi ijayo, tarehe 19 Oktoba, saa tatu asubuhi, Mapendo atazamisha kisiki cha hamsini na pili katika ghuba. Atakayetaka kusaidia alete kamba. Atakayetaka kuzuia, aje naye, atatukuta wote tumesimama majini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliozisindikiza figo zake zilizochoka kwa mwaka mmoja na nusu, tunawashukuru majirani waliobeba, waliopika na waliolala chini sebuleni kwetu, tunamshukuru Padri, tunawashukuru mafundi saa wa zamani wa Kadutu, mliobaki watano na mkaja watano, na tunawashukuru wavuvi wenzake, wote, pamoja na Papa Chrispin, aliyeketi pale nyuma peke yake, bila shirika lake, aliyekuja kwa miguu. Papa Chrispin, karibu mbele; kiti chako kipo karibu na Bruno.

Pumzika, Papa Ezéchiel. Amani tuachie sisi, tutaipigania.