Faudhia wa Misugusugu, Aliyetuambia cha Kuchora

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio. Mimi ni Nuria. Leo tunamkumbuka Faudhia Mwishehe. Wengine mlimjua kama Faudhia wa piko. Kina dada mlioolewa pale Kibaha miaka hii ya karibuni, huenda mikono yenu imepita mikononi mwake.

Faudhia Mwishehe alizaliwa Marui, Kisarawe. Alikulia hukohuko, shambani kwa wazazi wake, kwenye mihogo na minazi. Alipoolewa alihamia Misugusugu, hapa Kibaha, na kazi yake ikawa kupamba maharusi. Hina na piko. Mama yake, Bi Mwanajuma, yuko Marui mpaka leo. Nilimfuata huko. Aliniambia hivi: "Faudhia tangu mdogo hakuacha ukuta mweupe. Nilikuwa namchapa, kesho namkuta tena na mkaa."

Alikuwa na mtoto mmoja, Rukaya. Rukaya alikuwa ameanza darasa la kwanza. Alipatwa na homa asubuhi, jioni akapata degedege, na hospitali hakutoka. Baada ya msiba ule mume akaondoka, akasema nyumba ile haikaliki. Faudhia akabaki peke yake. Na mikono, wasikilizaji wapendwa, ikakataa kazi. Maharusi walikuja wakarudi. Alikuwa akishika piko, anaiweka chini.

Jirani yake ni mwalimu, anaitwa Atupele. Kwao ni Mbeya, anafundisha shule ya msingi. Atupele anasimulia mwenyewe.

"Nilikuwa nimechoka kumwambia pole. Pole haikuwa inamsaidia kitu. Siku moja nikaenda na penseli na daftari la kuchorea la wanafunzi wangu. Nikamwambia, dada, sitaki bibi harusi. Nichoree hiki kikombe tu. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. Lakini alichora. Kesho yake nikamwambia, leo nichoree ndala zako. Akachora. Siku ya tatu nilichelewa, akaja yeye mlangoni kwangu. Akaniuliza, mwalimu, leo nichore nini?"

Hapo ndipo jambo lilipoanzia. Faudhia aligundua kwamba kushika penseli hakukuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kuamua cha kuchora, kwa mtu ambaye moyo umeshuka. Mtu wa hivyo ukimwambia chora chochote, hachori. Ukimwambia chora kikombe, anachora.

Basi akafungua kundi la WhatsApp. Akaliita Chora Leo. Kila asubuhi, akishaswali, alituma sauti yake. Sauti fupi, ya mtu aliyetoka kuamka. "Haya jamani, hamjambo. Leo tuchore kilicho chini ya kitanda." Kesho yake: "Leo tuchore miguu ya mtu anayesubiri." Siku nyingine: "Leo chora mvua, lakini usichore maji." Watu wakachora. Kwa penseli, kwa mkaa, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi, kwenye maboksi. Wanapiga picha, wanatuma.

Masharti yake yalikuwa mawili. Usicheke picha ya mwenzako. Na usiseme ya nani ni bora. Aliyevunja alipigiwa simu na Faudhia mwenyewe, na waliopigiwa wanasema hawakurudia. Jumamosi wanaokaa karibu walikutana barazani kwake Misugusugu, mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, kila mtu na michoro yake ya wiki.

Mmoja wao ni Isaya, mlinzi wa ghala hapa Kibaha. Isaya alikuwa mlevi, analisema mwenyewe bila kuona haya. "Ile sauti ya asubuhi ilinikuta natoka lindo," anasema. "Zamani nikitoka lindo nilikuwa napita kilabuni. Sasa nikawa nakwenda nyumbani, maana nina kazi ya kuchora. Mtu ananisubiri."

Mwingine ni Mwashi. Na hapa naomba msikilize vizuri.

Mwashi ni mke wa Shigela. Ni wafugaji, kwao ni Usukumani. Wanaishi ng'ambo ya korongo moja nje ya Mlandizi, korongo linalomwaga maji mto Ruvu. Kiangazi unalivuka kwa miguu mikavu. Mwashi alikuwa akileta maziwa sokoni Mlandizi, na huko ndiko alikokutana na Faudhia. Mwashi alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Alimwambia Faudhia pale sokoni, mtu hata hamjui jina. Faudhia hakumwambia pole. Alimuuliza kama simu yake inapiga picha.

Mwashi akaingia Chora Leo. Alichora kwa mkaa kwenye mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Tangu siku hiyo hakukosa hata asubuhi moja. Hata Faudhia mwenyewe aliwahi kukosa. Mwashi hakukosa.

Ikaja masika iliyopita. Mnaikumbuka. Mvua ilipiga mfululizo, mchana na usiku. Asubuhi moja Faudhia alisema, "Leo tuchore mahali unapopumzika." Watu wakatuma vitanda, mikeka, mti wa nyuma ya nyumba. Mwashi alituma mto wa maji. Ukingo wa mto, na ndala mbili pale ukingoni. Mtu hayupo.

Baada ya picha hiyo, Mwashi akanyamaza.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Faudhia akapiga simu, namba haipatikani. Akapiga tena na tena. Siku ya tatu alikwenda kwa Mwalimu Atupele na ile picha kwenye simu.

"Aliniuliza, mwalimu, wewe hapa unaona nini?" anasema Atupele. "Nikamwambia naona ndala. Akasema, mimi naona mtu amezivua. Nikamwambia dada, subiri mvua ikatike, labda siku mbili, twende wote. Akanijibu, na kama hana siku mbili? Nilikuwa na vipindi shuleni. Nikamwacha akaenda."

Faudhia alipanda basi mpaka Mlandizi. Pale sokoni akaelekezwa kwa Mwashi, akachukua bodaboda ya kijana anaitwa Halidi. Halidi ndiye mtu wa mwisho kuzungumza naye. Alikubali kuongea nasi.

"Tulifika korongoni, maji yamejaa, ya kahawia, yanakwenda kwa nguvu. Nikamwambia, sista, hapa hapapitiki, tugeuze. Akasema mbona wale wanapita? Na kweli, walikuwepo watu wawili wa ng'ombe wanavuka, wameshikana, wana fimbo. Wale wamezoea. Nikamwambia wale wamezoea, sista. Akafunga ushungi wake vizuri, akakunja gauni, akaniambia nisubiri. Maji yalimfika magotini. Yakamfika kiunoni. Halafu sikumwona. Sikusikia hata kelele. Nilikimbia ukingoni naita, naita. Wale wa ng'ombe wakarudi. Hatukumpata."

Alipatikana kesho yake, mbali chini, amenaswa kwenye matete. Katika waliomtafuta alikuwemo Shigela, mume wa Mwashi. Shigela hakumjua. Walipomtoa na kumfunika, mkewe akaja kutazama kama watu wengine walivyokuja. Akafunua shuka. Akakaa chini kwenye matope.

Wasikilizaji wapendwa, Mwashi alikuwa hai. Alikuwa mzima kabisa. Nimekwenda kwake, nimemuuliza, na amejibu kwa sauti ndogo sana.

"Simu yangu haikuwa na chaji. Sisi tunachajia sola, na sola inataka jua. Jua halikuwepo. Basi."

Nikamuuliza kuhusu ndala.

"Nikiteka maji navua ndala zisinase kwenye tope. Ng'ombe wanakunywa, mimi nakaa kidogo. Ndipo ninapopumzika. Alisema tuchore tunapopumzika."

Faudhia Mwishehe alizikwa Marui, karibu na mwanawe Rukaya. Siku ya hitima Mwashi na Shigela walifika. Walikuwa wametoka mbali, wamelowa. Mwashi aliwaeleza wafiwa kila kitu, kama alivyonieleza mimi. Kaka wa marehemu, Yahya, alisimama mbele ya watu wote.

"Chaji?" alisema Yahya. "Dada yangu amekufa kwa sababu ya chaji ya simu?"

Mama yao, Bi Mwanajuma, alisema tu, "Yahya, wageni hawajapewa maji." Yahya akatoka nje. Mwashi akapiga magoti mbele ya Bi Mwanajuma, akamwambia, shikamoo mama. Bi Mwanajuma anasimulia. "Nilikuwa namtazama. Nasema moyoni, huyu yuko hapa na wangu hayupo. Halafu nikasema marahaba. Nikamwambia, sijui nikwambie nini, mwanangu. Kaa."

Kundi nalo likanyamaza. Asubuhi zilikuja bila ile sauti. Wengine walijitoa. Isaya alirudi kilabuni, akafukuzwa lindoni, na mpaka leo hajapata kazi nyingine. Mwalimu Atupele alijaribu kurekodi mara kadhaa, akafuta.

Aliyeanza tena ni Mwashi. Alituma sauti asubuhi moja. Alisema, "Hamjambo. Leo tuchore korongo. Lilivyo likijaa." Waliobaki wakachora. Na walipokutana, Mwashi akawaambia anachotaka: ukingoni ziwekwe nguzo mbili, zipakwe rangi nyekundu kuanzia pale maji yanapokuwa ya hatari. Maji yakigusa wekundu, mtu asivuke, awe mwenyeji au mgeni. Mgeni hawezi kujua kina. Faudhia hakujua.

Wakanunua rangi, Shigela akakata magogo. Isaya alikuja, ananuka pombe, akapewa brashi kama wengine. Halidi alibeba saruji kwenye pikipiki yake. Na siku ile ya kazi, bila kuitwa na mtu, Yahya alishuka Mlandizi kutoka Marui, na jembe na sururu. Alichimba mashimo yote mawili. Hakumsalimia Mwashi. Mwashi alimpa maji ya kunywa, akayapokea bila kumtazama.

Nilimuuliza Yahya kama amemsamehe.

"Bado," aliniambia. "Sitaki kusema uongo redioni. Lakini walikuwa wanachimba shimo fupi. Nguzo ya hivyo maji yanaing'oa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanajuma, kwa Yahya na jamaa wote wa Marui, kwa majirani wa Misugusugu, na kwa kila aliyewahi kuamshwa na sauti ya Faudhia, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, yeye na Rukaya wake.

Nanyi mnaonisikiliza, mwenzenu akinyamaza, mtafuteni. Faudhia hakukosea kumtafuta mtu. Lakini mkifika kwenye maji, tafadhali, geuzeni. Tumeni mwenyeji, pigeni kelele ng'ambo, ombeni mtu aende kwa njia nyingine. Leo asubuhi Mwashi amenipigia simu. Amesema huko kwao mvua imeanza tena, na maji bado hayajafika kwenye wekundu.